Usinisafishie Santuri Zangu

Nilipochomeka waya wa mwisho, sebule nzima ilianza kunguruma kama friji bovu. Mume wangu, Matome, alikuwa kwenye kochi lake, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichowekewa na mtu, na alisema nilichojua atasema.

"Mama Hlogi, umeiharibu."

"Sijaiharibu. Ndiyo kwanza naiwasha."

"Basi umeiharibu ukiwa unaiwasha."

Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa yote. Upande wa pili alikuwepo binti yetu Hlogi, aliyeko Durban, anakopiga muziki kwenye harusi. Yeye ndiye aliyetutumia vikorokoro vyote hivi: kiboksi chenye matundu mengi kuliko chujio, fungu la nyaya, programu ya kuweka kwenye kompyuta, na santuri mbili za ajabu zisizo na jina la mtu yeyote.

"Mama, nyuma ya kila mashine ya santuri kuna kiwaya chembamba, ncha yake kama uma," alisema. "Umekifunga wapi?"

"Popote sijakifunga. Kilikuwa kinaning'inia ovyo, nikakiviringisha vizuri nikakifunga na mpira."

"Ndicho hicho kinachonguruma. Kifungue, ukibane kwenye skrubu iliyo pembeni ya kiboksi."

"Kitu muhimu hivyo, mbona kimetengenezwa kama kamba ya sidiria?"

Matome akacheka. Nikapiga magoti nyuma ya kabati, nikavibana vyote viwili, mngurumo ukakatika. Nikainuka kwa kushika ukuta, nikaweka sindano juu ya santuri. Wimbo ukatoka, lakini ukatoka kinyumenyume, tarumbeta kana kwamba zinavuta hewa badala ya kupuliza.

"Muite mchungaji," Matome alisema. "Shetani kashaingia."

"Mama, umebadilisha ile nyekundu na nyeupe," Hlogi alisema. "Kulia imekwenda kushoto, kushoto kulia. Kompyuta inadhani santuri inazunguka kurudi nyuma."

"Nyekundu ipi na nyeupe ipi? Plagi zako zimechakaa, zote zina rangi ya chai."

"Diploma yote ile," mume wangu akaongeza, "na rangi mbili zinakushinda."

"Diploma yangu ni ya usimamizi wa ofisi. Ofisini nyaya zinafungwa na fundi, na fundi hana mwanamume kwenye kochi wa kumhesabia makosa."

Niseme kwa nini tulikuwa tunahangaika hivi, maana mtu mwenye akili zake angewasha redio.

Matome yumo kwenye klabu ya jazi hapa mtaani kwetu Mamelodi tangu kabla hajanioa. Kila mwezi wanachagua Jumapili moja, wanakutana nyumbani kwa mwanachama, suti na viatu vya rangi mbili, wanakula, na kila mmoja kwa zamu anapiga santuri alizokuja nazo. Mwenye nyumba ndiye anayefungua kwa kupiga wa kwanza. Wengine wanacheza, kila mtu peke yake, miguu ikifanya kazi na uso umetulia kama wa mtu aliyeko kanisani. Kanuni zao ni chache, ila kuna moja hawana mzaha nayo: hakuna anayegusa santuri za mwenzake. Ukitaka kuiangalia, mwenyewe atakushikia. Santuri za mwanachama hupigwa na mikono ya wengine siku moja tu, nayo ni siku ya kumzika.

Kiharusi kilimpata mwezi wa tatu. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, mdomo hata ulizidi, lakini mkono wa kulia haukurudi. Wa kushoto mzima kabisa, ila jaribu wewe kuitoa santuri kwenye jalada kwa mkono mmoja bila kuigusa uso. Ya kwanza aliyojaribu iliteleza ikapiga kona ya meza ikavunjika. Nikamwambia, lete nikutolee mimi. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia nimtafunie nyama.

Sasa zamu ya nyumba yetu ilikuwa imefika, Jumapili hiyo, na mwenyekiti wao, Lesiba, alikuwa ametuma ujumbe kwa upole wote. Bra Matome, ndivyo wanavyoitana, kama kusema kaka, asijisumbue. Akae tu kwenye kiti, wao watampigia.

Matome aliusoma, akaiweka simu kifudifudi.

"Watanipigia," alisema. "Mimi nimekaa pale nawatazama. Si waje na jeneza kabisa, tumalize shughuli."

Ndipo Hlogi alipotuma mitambo yake. Kwenye santuri zile mbili hakuna wimbo. Ukizipiga bila kompyuta utasikia mluzi mmoja wa kuudhi, mwanzo hadi mwisho. Kompyuta ndiyo inayousikiliza mluzi huo, ikajua sindano iko wapi na santuri inakwenda kasi gani, kisha ikatoa wimbo uliohifadhiwa ndani yake, ukimfuata mwenye sindano. Ukiishika santuri kwa kidole, wimbo unasimama. Ukiiachia, unaendelea. Kwa hiyo Matome angeweza kufanya kazi yake yote kwa mkono wa kushoto: santuri haitoki kwenye mashine, kinachobadilika ni wimbo.

Nyimbo zenyewe niliziingiza mimi. Matome alikuwa kwenye mazoezi ya mkono hospitalini, mimi niko nyumbani nazitoa santuri zake moja moja, nazipiga, kompyuta inarekodi. Hakuna njia ya mkato. Santuri ikiwa ndefu, na wewe unakaa kwa urefu huo. Nilipiga pasi nguo zote za nyumba hii, hata mataulo. Na kwa kuwa programu ilikuwa na kitufe cha kuondoa mikwaruzo, nilikibonyeza kwa kila wimbo. Nani asingekibonyeza? Santuri zile zilikuwa zinalia kama mafuta ya samaki jikoni. Nikazitoa zote safi, nikajipongeza.

Basi nikabadilisha plagi, nyekundu mahali pa nyekundu. Nikaweka sindano. Sauti ikatoka mbele kwa mbele, imenyooka, safi kama glasi.

"Mama, hiyo hapo!" Hlogi akapiga kelele. "Mmeshinda! Baba, umesikia?"

Matome alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Hii siyo yangu," alisema.

"Yako. Nimeitoa kwenye jalada lako mwenyewe, lile lililomwagiwa soda."

"Nakwambia siyo yangu. Yangu naijua."

"Baba Hlogi, nimepiga magoti nyuma ya kabati hili tangu asubuhi. Nina vumbi mpaka kwenye meno. Usiniambie siyo yako."

Kabla hatujaumana, geti likagongwa. Lesiba aliingia kuangalia viti vitatosha au vitaazimwa. Ni mtu mwembamba, kofia haimtoki kichwani, na ana tabia ya kuanza kucheza kabla hajasalimia. Muziki ulipomfikia mlangoni, miguu yake ikaanza yenyewe.

"Shemeji, hujambo. Bra Matome, mambo! Aa, hii naijua," alisema huku akiteleza juu ya vigae vyangu nilivyovipiga dawa. Akazunguka, akakunja goti, akasubiri kidogo, kisha akaruka kwa miguu yote miwili.

Muziki haukuruka. Ulikwenda moja kwa moja kama basi lililopita kituo. Lesiba alitua peke yake, akayumba, akashika pazia, na pazia likashuka na fimbo yake.

"Ah!" alisema, pazia begani. "Imepata nini? Pale si inaruka?"

"Inaruka," Matome alisema.

"Miaka yote inaruka. Watu wote wanaruka pale. Bra, umenunua nyingine?"

"Muulize huyo hapo."

Wote wawili wakaniangalia. Hlogi naye, kule Durban, akasema kuna mtu anamwita, akakata simu.

"Nilisafisha," nilisema. "Kuna kitufe. Panapokwaruza kinaondoa, panaporuka kinaunga."

"Ulisafisha ngapi?" Matome akauliza polepole.

"Zote."

Akafumba macho. "Mama Hlogi, usinisafishie santuri zangu. Nisafishie viatu. Nisafishie masikio. Santuri zangu ziache."

"Ulikuwa uchafu!"

"Uchafu gani? Ule mkwaruzo wa mwanzo niliupata kwenye harusi ya kaka yangu. Ile kelele ya katikati ni mwanao, alikanyaga akiwa anajifunza kutembea. Watu wakiisikia wanajua ni Matome anapiga. Hii ya kwako hata mgonjwa anayesubiri daktari anaweza kuwekewa."

"Kwa kweli, shemeji," Lesiba akasema akijaribu kunirudishia pazia, "haina mtu ndani."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyefanya kazi vizuri akaambiwa hiyo ndiyo shida yake. Kutoka sebuleni nikamsikia Lesiba akishusha sauti.

"Bra, usijiumize. Nilisema tutakupigia. Utakaa pale, utachagua, sisi tutaweka."

Matome hakutania. Nikafunga bomba.

"Lesiba," nilisema nikirudi, mikono inachuruzika, "viti vinatosha. Nenda nyumbani. Jumapili atafungua mwenyewe."

"Shemeji, mimi nasema tu..."

"Nimekusikia. Fimbo ya pazia iache hapo, utazidi kuivunja."

Alipoondoka nikamgeukia mume wangu. "Utapiga ngapi Jumapili?"

"Nikiwa na nini?"

"Nimekuuliza ngapi."

Alifikiri. "Za kufungua tu. Saba, nane."

"Kesho tunazirekodi upya, na uchafu wake wote. Nitazitoa mimi kwenye majalada, utake usitake. Klabu haipo hapa kuona."

"Utashika kwenye kingo?"

"Nitashika kwenye kingo."

"Mara ya kwanza ulishikaje?"

"Matome."

"Basi, nimenyamaza."

Hakunyamaza. Jumamosi nzima hakunyamaza. Usishike hivyo, weka dole gumba katikati, usipulize mate, usiifute na aproni, hiyo aproni ina chumvi. Nilikuwa nimeyaweka matofali mawili mapana ya njia ya bustani chini ya kila mashine, kwa sababu ngoma nzito zilikuwa zinatikisa kabati na sindano inacheza. Matofali nayo yakawa kesi.

"Unaweka mawe ya nje kwenye kabati la mama yangu?"

"Nimeyaosha."

"Kwa nini usioshe? Wewe ungeosha hata mvua."

Sauti zetu haziingii kwenye rekodi, inayoingia ni ya sindano tu. Lakini miguu inaingia. Nikipita kwenda jikoni, sindano inatingishika, tunaanza upya. Na jikoni kulikuwa na utumbo wa ng'ombe wa klabu nzima unachemka, haujui kusubiri mpiga tarumbeta amalize. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia kati ya upande wa kwanza na wa pili, nageuza, naonja chumvi, narudi nakaa kama niliyeadhibiwa. Ya nne ilikuwa inakaribia kuisha umeme ukakatwa. Kompyuta ilibaki na betri, mashine ikafa taratibu, na wimbo ukazama kama mlevi anayesinzia katikati ya hadithi.

"Hiyo usirekodi," Matome alisema.

Tulicheka, hatukuwa na la kufanya. Tulikaa kwenye kiza cha mchana, mapazia yamefungwa kwa ajili ya joto, moja limepigiliwa msumari, tukisubiri umeme. Akanionyesha kwa kidole kwenye santuri iliyosimama: pale ni harusi ya kaka, pale ni Hlogi, pale ni yeye mwenyewe alipotaka kunionyesha kitu na glasi mkononi. Mimi niliona mistari tu. Nikamwambia naona mistari tu. Akasema ndiyo hiyo hiyo.

Umeme uliporudi tukaanza ya nne upya.

Jumapili walijaa mpaka barazani. Suti za kijivu, suti za rangi ya haradali, viatu vinavyong'aa hata nikaona dari yangu inahitaji rangi. Kila mtu na sanduku lake la santuri mkononi kama daktari. Wakasalimia, wakasifu harufu ya chakula, kisha wakaiona kompyuta, na sebule ikapoa.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Mmapula, muuza maua wa sokoni, mwanamke pekee anayewashinda wote kwa santuri na asiyewaruhusu kusahau.

"Mashine," Matome alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kabati, suti ya bluu, mkono wa kulia nimeutia mfukoni mwa koti ukae kistaarabu.

"Mashine naiona. Nauliza kile kinachowaka taa. Hapa tunapiga santuri, Bra. Kompyuta hata mjukuu wangu anayo, na humu simleti."

Wachache wakaguna. Lesiba akavua kofia, jambo ambalo halifanyi hata kwenye maombi. "Matome, kanuni ni kanuni. Santuri hiyo haina hata jina. Tutajuaje unapiga nini?"

Nilikuwa mlangoni, bakuli la saladi mkononi. Niliyokuwa nayo ya kuwaambia yalikuwa mengi na hayakuwa mazuri. Matome akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, nikafunga mdomo.

"Nisikilizeni," alisema. "Nyimbo zimetoka kwenye santuri zangu. Majalada yapo pale, yote mtayaona. Mkwaruzo ni wangu. Sindano naweka kwa mkono huu, na mkono huu sijauazima kwa mtu. Mnataka nini tena, damu?"

"Na tukikataa?" Mmapula akauliza.

"Mkikataa, chukueni santuri zangu mnipigie nyinyi. Lakini mtafanya kama inavyofanywa. Mimi nitalala juu ya meza hapo katikati, mtafunga mikono yangu kifuani, na Lesiba atasema maneno mazuri ambayo hajawahi kuniambia. Mama Hlogi, toa vyombo mezani."

"Vitoke?" nikauliza.

"Vitoke. Nataka kulala."

Nikaweka bakuli chini, nikaanza kukusanya sahani. Sikuwa natania. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kumlaza mume wangu mezani kulionekana jambo la kawaida. Nilifika sahani ya tatu Mmapula akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka ua la kwenye kofia yake likatikisika.

"Huyu mwanamke atamlaza kweli," alisema. "Lesiba, mwache apige. Afe siku nyingine, mimi nina njaa."

Lesiba alivaa kofia yake. "Onyesha jalada kwanza," alisema. "Kila wimbo, jalada juu. Hiyo haipungui."

Matome akaliinua la kwanza kwa mkono wa kushoto, juu, akaligeuza watu wote walione. Akaliweka. Akagusa kompyuta kwa kidole. Kisha akaichukua sindano, akaipeleka juu ya ukingo wa santuri. Ikatua. Kelele za mafuta ya samaki zikajaa sebuleni, halafu piano, na watu wakasogeza viti.

Nilikwenda jikoni. Nilipakua utumbo na ugali kwenye sahani yangu, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa nimeonja tu. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia. Wa tatu ulipotakiwa kuingia, haukuingia. Nikasikia mkwaruzo mkubwa, sindano imekosea mahali, kisha kimya. Viatu vikasimama.

Kijiko kilikuwa kinywani. Nikawa nimeshainuka, nusu ya njia, nimeshajua ni waya upi nitakaoushika kwanza.

"Bra, nikusaidie?" sauti ya Lesiba.

"Kaa chini."

Nikasimama pale, mkono kwenye kitasa. Niliwasikia wakikohoa. Mtu akaweka glasi chini. Nilimsikia Matome akivuta pumzi kwa pua kama anavyofanya akifunga vifungo vya shati, kazi ambayo asubuhi hiyo alikuwa amekataa nimfanyie na ikatuchelewesha wote. Sindano ikagusa, ikateleza. Ikagusa tena. Tarumbeta zikaingia katikati ya wimbo, mahali asipopataka, akazikata kwa kidole, akazirudisha nyuma taratibu mpaka mwanzo, na safari hii akaziachia.

"Haya!" Mmapula akapiga kelele, na viatu vyote vikaanza kwa pamoja.

Niliachia kitasa. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaubana mlango kwa mguu. Chakula kilikuwa bado cha moto. Nilikula chote, nikaongeza, nikala tena, na muda wote huo hakuna aliyeniita.